Stesheni ya Makindu

Asafiriye kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa hupita Makindu bila kuitazama stesheni yake, maana macho yake huvutwa na hekalu la Masingasinga. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli, na hata leo msafiri yeyote hupewa humo chakula bila kulipa. Nilikula chapati na mchuzi, nikashukuru, kisha nikaifuata njia ya vumbi iendayo relini.

Reli hii, ambayo upana wake ni mita moja tu, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Kwa nini karakana za mitambo ziliwekwa hapa, katika nyika kavu ya Ukambani? Sababu ni maji. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu hunywewa na mawe meusi ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikatokeza mbali kwenye chemchemi. Mikindu, miti ipendayo kusimama palipo na maji, ndiyo iliyoupa mji jina. Nalo gari la moshi la zamani lilikuwa na kiu kuliko kundi la ng'ombe! Tangu mwaka 1955 yalipita hapa magari ya Garratt ya daraja la 59, yaliyoundwa Manchester, yenye uzito wa tani 250 na zaidi, kila moja likiitwa kwa jina la mlima. Asiyeamini na aende katika makumbusho ya reli Nairobi, akalitazame liitwalo Mount Gelai.

Ilipokuja mitambo ya dizeli, kiu hiyo ikaisha. Katika njia za pembeni nilikuta majani yameota kati ya mataruma, na chuma kimeshika kutu juu, mahali pale pale ambapo magurudumu yalikuwa yakikisugua kikang'aa.

Mama mmoja mzee alikuwa akianika pojo jukwaani. Nilipomwamkia, aliniuliza kama nimekuja kupima ardhi.

"La, mama, mimi ni mwalimu. Nimekuja kutazama tu."

Akacheka. Alinieleza kwamba aliwasomesha watoto wanne kwa mayai na machungwa aliyoyauza usiku kwenye madirisha ya mabehewa, taa ya chemli mkononi. Treni za abiria za reli hii zilikoma mwaka 2017, ilipofunguliwa reli mpya. Hiyo mpya huchukua abiria Emali na Kibwezi, Makindu huipita. Nikamwambia kwamba safari ya Mombasa, iliyokuwa ya usiku kucha, sasa ni ya saa tano au sita.

"Ni kweli, mwalimu. Lakini apitaye mbio hanunui yai."

Wako wanaosikitikia majengo ya stesheni kuukuu, na wengine hupenda kuyapiga picha. Mimi naona hasara kubwa zaidi ni ya huyu mama, ambaye hakuna aliyemwuliza neno wakati ratiba ilipobadilishwa. Nilinunua vibaba viwili vya pojo. Alinihesabia chenji upesi upesi, bila kuitazama, kama mtu aliyezoea kuhesabu huku gari likianza kuondoka.