Nzi wa Slipa

Kila nikimwambia msee wa mtaa kwamba wikendi naenda ushago kuvua trauti kwa nzi bandia, jibu ni lilelile: "Si hiyo ni mambo ya wazungu?" Silipendi hilo jibu lakini najua limetoka wapi. Trauti kweli ni mgeni. Mwaka wa 1905 mlowezi anaitwa Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakaachiliwa kwenye mto Gura, pale Nyandarua. Kwa miaka mingi mzungu ndiye alishika fimbo, na guka zetu wakabeba kikapu.

Sasa cheki hii. Fungua kiboksi cha nzi cha mvuvi yeyote Uingereza au Marekani leo, na inawezekana kabisa baadhi ya hao nzi walifungwa hapa Kenya, kwa mkono. Tumekuwa tukiwafunga na kuwauza nje tangu enzi za mkoloni. Kwa hivyo mchezo ni wa wazungu, lakini mkono ni wa nani?

Mkono mmoja naujua vizuri sana. Ni wa tata, dada ya babangu. Ameketi kwenye benchi miaka 19, taa ya meza mbele yake, kishikizo cha chuma kimebana ndoano ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Anazungusha uzi, anaweka nyoya, anakata, anafunga fundo. Mwingine. Mwingine. Analipwa kwa dazeni. Kuna sampuli imewekwa mbele yake, na kazi yake ni kuifuata bila kuongeza wala kupunguza. Ukizungusha nyoya mara moja zaidi, anarudishiwa, na nzi aliyerudishwa halipiwi. Hiyo pesa ya dazeni ndiyo ilinipeleka shule mimi na binamu zangu wawili, kwa hivyo msinisikie nikiidharau. Ila kuna kitu kimoja kilinisumbua kitambo: tata hakuwa amewahi kuona samaki akimla hata nzi mmoja wake. Maelfu kwa maelfu, wote wameenda ng'ambo.

Kwa wenye hamjui, nzi bandia ni ndoano iliyovalishwa uzi na manyoya ifanane na mdudu. Ni mwepesi hivi kwamba huwezi kumrusha kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito, na nzi anafuata nyuma kama mkia wa tiara. Ukiipata hiyo rithimu, manze, ni tamu kuliko densi yoyote ya Tiktok. Usipoipata unavua matawi ya miti.

Mimi navua jioni. Sababu ya kwanza ni kwamba wadudu wa mtoni wanatoka sana saa hizo. Sababu ya pili iko kwa macho ya samaki. Trauti akiwa chini anaiona dunia ya juu kupitia duara moja tu kwenye uso wa maji, kama dirisha la mviringo. Mchana hilo dirisha lina mwanga na rangi, na samaki ana muda wa kukagua. Jioni, zile seli za jicho zinazoona rangi zinaachia kazi zile za mwanga hafifu, na hizo hazijui kijani wala kahawia. Anachobaki nacho ni kivuli cheusi dhidi ya anga, pamoja na ule mstari wa ubavuni unaohisi maji yakitikisika. Kwa hivyo nzi wa jioni halazimiki kuwa mrembo. Awe mweusi, awe mnene kidogo, aelee, na avuruge maji kidogo akipita.

Hii nilimweleza tata jikoni akiwa anachambua sukuma. Hakusema kitu. Kesho yake nikapata ameikata slipa nzee, ile nyeusi yenye kisigino kimeisha, ameitoa kipande kama punje ya maharagwe, ameifunga kwenye ndoano. Miguu ya huyo mdudu ni rasta, zile nywele za kusuka, nyuzi sita, zimepindwa kwa moto wa kiberiti. Mabega ni nyoya la jogoo wa shosho ambaye aliliwa Krismasi. Slipa inaelea hata ukiipiga mawe. Rasta haiozi, na kwa mkondo inacheza kama miguu ya kweli.

Kuna mzee nilipatana naye mtoni, vesti ya mifuko kila mahali, akamshika huyo nzi kwa vidole viwili akaniambia hiyo si nzi, ni takataka. Heshima yake, ni mzee na anarusha mshipi vizuri kunishinda. Lakini hebu tuangalie Coachman, nzi maarufu wa Kiingereza ambaye hata yeye alikuwa naye kofiani. Tumbo lake ni nyuzi za nyoya la tausi. Tausi ni ndege wa Uingereza tangu lini? Na Coachman hafanani na mdudu yeyote hasa. Mtu fulani zamani alikuwa na nyoya mkononi, akajaribu, samaki akakubali, na leo inaitwa desturi. Tata alikuwa na slipa.

Basi mwezi uliopita nikamwambia twende. Akaniuliza nani atapika. Nikamwambia tutakula chapo za hoteli. Tukapanda matatu hadi juu ya mashamba ya chai, tukatembea mpaka karibu na ua wa umeme wa msitu, upande wa nje, kwa sababu ndani kuna ndovu na nyati na jioni ni saa zao pia. (Leseni niko nayo, kabla hujauliza.) Tata alivaa gambuti na sweta ya kanisa.

Jioni ya huku si kama ya Scotland, ambako kiangazi giza linakuja polepole masaa mengi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linaanguka wima. Linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na una kama dakika 20 kabla hujaacha kuona mshipi wako. Maji ya Gura ni baridi ya kuuma, na hiyo baridi ndiyo inamweka trauti hai. Nikarusha mara nne, bure. Mara ya tano nikamwacha nzi avuke mkondo polepole nyuma ya jiwe kubwa, anachora mstari mwembamba juu ya maji.

Ule mstari ukakatika. Pluf.

Alikuwa trauti wa sentimita 25 hivi, madoa mekundu ubavuni, mdogo kwa kweli. Nikamlowesha mkono, nikamtoa ndoano, nikamrudisha. "Unamrudisha? Baada ya kuteseka hivi?" Tata alisikika amekasirika kabisa. Kisha akaniomba nzi. Akawasha tochi ya simu, akamgeuza. Mguu mmoja wa rasta ulikuwa umeng'olewa, na kwenye slipa kulikuwa na alama ndogondogo za meno. Alimwangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mpaka mimi nikaanza kufikiria matatu ya mwisho.

"Huyu wangemrudisha," akasema. "Miguu haijalingana."

Tukacheka mpaka mbwa wa boma la ng'ambo wakaanza kubweka. Njiani kurudi akaniuliza fimbo kama yangu ni pesa ngapi. Nikamwambia bei ya iliyotumika. Akanyamaza kutoka pale mtoni hadi stejini, na nikajua alikuwa anahesabu kwa dazeni.