Akiba Haibaki, Hutengwa



Kila mwaka, ifikapo wiki ya pili ya Januari, benchi lililo nje ya ofisi ya parokia hujaa wazazi. Hawaji kuandikisha ubatizo wala ndoa. Huja kuomba, kwa sauti ya chini, wakopeshwe fedha, kwa kuwa mtoto anatakiwa shuleni na nyumbani hakuna kitu. Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa katika shule za Serikali hapa Tanzania, nasi tunashukuru kwa hilo. Lakini sare, viatu, madaftari, godoro na nauli bado ni mzigo wa mzazi. Na wazazi hao si wavivu. Wengi wao waliuza kahawa yao miezi michache tu iliyopita, wakaadhimisha Noeli kwa amani, na sasa hawajui fedha zilikwenda wapi.

Hatuwezi kuwahukumu, maana nasi tumezaliwa katika nyumba ya namna hiyo hiyo, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, tukiwa watoto saba katika kihamba kimoja cha migomba na mibuni. Mama aliuza maziwa na ndizi, akapata senti za chumvi na mafuta ya taa. Fedha hasa zilikuwa za kahawa. Baba aliipeleka chama cha msingi, ikapimwa, akapewa stakabadhi, kisha tukaanza kungoja. Malipo yalipofika, nyumba nzima ilichangamka. Kwa wiki kadhaa tulikuwa watu wenye uwezo.

Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, tulimwona dada yetu wa kwanza akiingia uani amejitwika sanduku lake la bati. Alikuwa kidato cha pili. Alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Jioni ile baba aliketi karibu na moto akahesabu kwa vidole: deni la dukani, bati za kuezekea jiko, mchango wa harusi ya binamu, dawa ya mibuni, redio. Alirudia hesabu ile mara mbili. Baba hakuwa mlevi, wala hakuwa mfujaji. Kila shilingi ilikuwa imeondoka kwa sababu nzuri. Lakini fedha isiyopangiwa kazi humfuata yule anayebisha hodi kwanza, na ada ya muhula wa pili ilikuwa haijabisha hodi wakati fedha zilipokuwapo.

Dada aliambiwa asubiri msimu mwingine. Alisubiri. Msimu ulipofika, nafasi yake shuleni ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Hakurudi tena.

Mama hakumlaumu baba mbele yetu. Alimwambia jambo moja tu, ambalo sisi watoto tulilisikia kupitia ukuta wa mbao: “Baba watoto, kahawa ijayo ianze na watoto.” Na ndivyo ilivyokuwa. Malipo yaliyofuata yalipotoka, wazazi wetu waliondoka pamoja alfajiri, wakashuka mjini hadi posta, wakaweka fedha za shule katika kitabu cha akiba kabla ya kununua hata kibiriti. Kilichosalia ndicho kilichogawiwa kwa mahitaji mengine. Noeli ya mwaka huo nyama ilikuwa haba, nasi tulinung’unika sana. Lakini hakuna mtoto mwingine wa nyumba ile aliyerudi na sanduku kichwani kabla ya kumaliza. Kitabu kile kidogo ndicho kilichotupeleka sisi seminari.

Ndugu wapendwa, hilo ndilo tunalotaka tulitafakari juma hili. Wengi wetu husema, “Nikibakiza, nitaweka akiba.” Miaka inapita na hatujabakiza. Akiba haibaki, hutengwa. Hutengwa siku ile ile fedha inapoingia mkononi, kabla mkono haujazoea uzito wake.

Tuanzie wapi basi? Yatupasa kwanza kuketi pamoja, mume na mke, na daftari moja mezani. Kwa mwezi mmoja tuandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata vocha ya simu na soda ya njiani. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na daftari ndilo hutuonyesha kidole kinachochovya. Wala tusifichane. Tumesuluhisha ndoa nyingi zilizotikiswa si na umaskini, bali na mkopo ambao mmoja aliuchukua bila mwenzake kujua.

Pili, tuorodheshe mizigo ya mwaka ambayo tunaijua tangu sasa: shule, mbegu na mbolea, kodi ya pango kwa walio mjini, bima ya afya, zaka na michango. Kisha tuigawe. Tuseme mahitaji ya shule ya mtoto mmoja ni shilingi 240,000 kwa mwaka. Yakija yote Januari ni mlima. Yakigawanywa ni shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 700 kwa siku. Mwenye kipato cha kila siku, kama mama lishe au dereva wa bodaboda, atenge kila siku. Mkulima anayelipwa mara moja kwa mwaka afanye kama wazazi wetu: atenge yote kwa mara moja, siku ya malipo. Anayeweza kununua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi makavu katika mifuko isiyopitisha hewa, naye ameweka akiba, kwa kuwa hatayanunua kwa bei kubwa miezi ya njaa.

Tatu, akiba isikae mahali ambapo mkono wetu unaifikia kwa urahisi. Fedha iliyo chini ya godoro au katika simu ya mkononi iko karibu mno na kila shida ndogo. Ndiyo maana tunawahimiza kujiunga na vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo wa vikundi vya hisa vya kijijini ulianza mwaka 1991 nchini Niger, miongoni mwa wanawake, na leo umeenea katika sehemu nyingi za Afrika. Wanachama, mara nyingi kati ya 15 na 30, hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa kuanzia moja hadi tano. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Baada ya takribani mwaka mmoja kila mtu hugawiwa hisa zake pamoja na faida. Kikundi chenye busara hupanga mgao uangukie mwanzoni mwa Januari, si wiki moja kabla ya sikukuu. Nacho hakina budi kusajiliwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Asiyejiwekea akiba mara nyingi huangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na akawa analipa riba tu, baada ya miezi sita amelipa shilingi 120,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Tumezika mjane ambaye cherehani yake ilichukuliwa kwa deni la namna hiyo. Aliishi kwa cherehani ile.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu sisi viongozi wa parokia. Kwa miaka mingi tulitangaza michango bila mpangilio: leo paa, kesho jubilei, mwezi ujao mapokezi ya mgeni. Tuliwafundisha waamini kupanga, nasi tukaivunja mipango yao kila Dominika. Mama mmoja alipokataa kutoa mchango fulani, sisi na wazee wa kamati tulimfuata nyumbani kumwonya. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akatuonyesha daftari lake. Fedha zote zilizokuwamo zilikuwa za mtihani wa mwanawe. Tulitoka pale tumeinamisha vichwa. Tangu wakati huo michango yote ya mwaka hutangazwa Januari, na inayozuka katikati ya mwaka husubiri mwaka unaofuata.

Wapo wanaotuuliza: je, kuweka akiba si kukosa imani, wakati Bwana alituambia tusisumbukie ya kesho? Swali hili ni jema. Tajiri yule wa Injili aliyejenga maghala makubwa zaidi hakulaumiwa kwa sababu ya ghala. Kosa lake ni kwamba hakumfikiria mtu mwingine ila nafsi yake. Yosefu naye alijaza maghala kule Misri, akitenga sehemu moja ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, na kwa maghala hayo mataifa yalikula. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitaka mfanyakazi alipwe ujira wa kutosha hata aweze kujiwekea kidogo. Asiyeweza kutenga sehemu ya tano atenge ya ishirini. Akiba haiozi, hata ikiwa ndogo, na aliyetenga kwa ajili ya wanawe ana moyo mtulivu zaidi wa kumpa jirani aliyeangukiwa na msiba.

Dada yetu yu hai, ni bibi sasa. Katika kikundi chao yeye ndiye mshika ufunguo wa kufuli ya pili. Ufunguo huo huuvaa shingoni kwa uzi, pamoja na msalaba mdogo. Tulipomtembelea mara ya mwisho alituambia kwamba mjukuu wake anaingia kidato cha pili, na sanduku lake la shule limekwisha kufungwa tangu Novemba. Alisema hivyo bila machozi, akatumiminia chai.

Juma hili, kabla ya kulala, tukae mezani na daftari. Mungu abariki nyumba zenu na kazi ya mikono yenu. Tunawatakieni Dominika njema.