Bei ya Kwenye Karatasi

Jumanne, 6 Mei 2025
Tumepatana na mzee: milioni moja na laki mbili, ekari moja nje ya mji wa Kilifi. Sachi imetoka safi, jina ni lake, hakuna rehani wala zuio. Mpima ardhi kanionyesha mawe ya mpaka. Moja lilikuwa limezama mchangani, tukalifukua kwa jembe. Mume wangu anauliza juu ya bei tutaongeza ngapi. Nikamwambia Ijumaa tutajua, kwa wakili.

Ijumaa, 9 Mei
Kwa wakili. Naandika nisije nikasahau.

Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 ndani ya manispaa, 2 huko nje. Kwetu ni 2, yaani 24,000. Lakini mthamini wa serikali akiona ardhi ina thamani kubwa kuliko bei yetu, ushuru unafuata yake.

Ada ya wakili ni asilimia 2 kwa bei isiyozidi milioni 5, ila haishuki chini ya 35,000. Kwa hivyo ni 35,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake: 40,600. Nikaomba anipunguzie. Akacheka, sheria inamkataza kutoza chini ya kiwango.

Hili ni shamba, basi lazima idhini ya bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila idhini, mauzo ni batili. Mke wa mzee naye atie sahihi ya kuridhia.

Kodi ya faida ni ya muuzaji: asilimia 15 ya faida. Hadi mwisho wa 2022 ilikuwa 5. Ila shamba dogo la mtu binafsi nje ya manispaa, kama hili, halitozwi.

Kwa hiyo upande wangu stempu na wakili tu ni 64,600, mbali na mpima na ada ndogondogo.

Jumatano, 14 Mei
Dalali kaja na lake. "Mama, mkataba uandike laki sita, laki sita nyingine mpe mzee mkononi. Hapa hakuna anayeandika bei yote." Mzee kimya, anazungusha kofia mkononi. Kwangu stempu ingeshuka kwa 12,000, na hela hiyo naihitaji. Nikasema nipeni usiku mmoja.

Usiku nimekaa na kalamu. Mzee akificha laki sita, kodi haokoi hata shilingi, maana shamba hili halitozwi. Haya, mimi je? Nitaokoa 12,000 za stempu tu. Na hizo 12,000 zenyewe mthamini anaweza kuzirudisha. Tena mauzo yakivunjika, za mkononi nitazidai kwa ushahidi gani? Hapo sijataja kosa la kuidanganya serikali.

Alhamisi, 15 Mei
Nimekataa. Dalali kanuna, anasema kuna mtu wa Mombasa anataka ekari hiyohiyo. Nimemwambia mzee mwenyewe, kwa adabu: "Baba, nitakulipa bei yako yote, lakini yote iandikwe."

Alhamisi, 22 Mei
Tumetia sahihi, bei kamili. Asilimia 10 imekwenda kwenye akaunti ya wakili, iliyobaki ndani ya siku 90.

Mzee alikuja akinung'unika juu ya kodi. Wakili wake akamwambia shamba dogo kama lake, nje ya manispaa, halitozwi kodi ya faida. Uso wa mzee ukakunjuka. Nafuu halali alikuwa nayo miaka yote, na dalali hakuwahi kumwambia.

Nimefungua faili. Risiti ya mpima imeingia, ya wakili imeingia, ya stempu itafuata. Nimepiga nakala zote, maana wino wa risiti haudumu.