Hoteli ya Istanbul: Panga Siku Yako Kwanza, Kitanda Baadaye



Ukishaingia msimu wa harusi simu yangu hujaa swali moja. Biharusi anataka kwenda fungate Istanbul, au mwenzangu wa biashara anakwenda kuchukua mzigo, basi ananiuliza, "Dada, nifikie hoteli gani?" Jina la hoteli huwa sitoi. Wenye hoteli hubadilika, bei hubadilika, na iliyonifaa mimi huenda isikufae wewe. Nami humuuliza: kutwa utakuwa unafanya nini huko, na utasali wapi? Akishanijibu hayo mawili, mtaa wa kufikia unajitokeza wenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa nguo za harusi hapa Unguja mjini. Nilimaliza skuli ya sekondari, nikasoma ushonaji, na sasa nina duka dogo si mbali na Mchangani. Istanbul nimekwenda mara tatu, zote pamoja na mdogo wangu wa kiume. Ni mahram wangu, na mzigo pia unataka mikono miwili zaidi.

Tuanze na mji wetu, kwani mfano tunao mlangoni. Ukimwambia mgeni "hoteli yako iko Mji Mkongwe", bado hujamwambia kitu. Akiwa Malindi yuko karibu na bandari, akishuka kwenye boti la Dar es Salaam anafika kwa miguu. Akiwa Shangani yuko karibu na bahari na Forodhani. Akiwa Mkunazini, Darajani iko pua na mdomo. Kote humo gari haifiki kila mlango, mzigo unaingia vichochoroni kwa mkokoteni au kwa kichwa. Sisi lakini mji wetu ni mdogo, mtu akikosea mtaa anatembea kidogo tu.

Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15 na imekaa juu ya mabara mawili. Mji wa kale uko upande wa Ulaya, nao uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1985, miaka 15 kabla ya Mji Mkongwe wetu. Kwenye matangazo kila hoteli imeandikwa "katikati ya mji". Taksim ni katikati, Sultanahmet ni katikati, na Aksaray nayo ni katikati. Katikati ya nani? Hapo ndipo pa kuuliza.

Safari yangu ya kwanza sikuchagua hoteli mimi. Tulikwenda kikundi cha wafanyabiashara na wakala alipanga kila kitu. Hoteli ilikuwa safi na chakula cha asubuhi kilikuwa kizuri, lakini ilikuwa ukingoni mwa barabara kuu, mbali na mji wa kale. Kila asubuhi tulikaa kwenye foleni saa nzima na zaidi, na jioni vivyo hivyo. Katika siku nne tulizokuwa nazo moja ilikuwa Jumapili, na Jumapili lile Soko Kuu lililoezekwa, Kapalıçarşı, hufungwa, na maduka mengi ya jumla hufungwa pia.

Nilikuwa nimebeba arbuni za maharusi watatu. Lesi ya mmoja wao ilikuwa ya kununuliwa Sultanhamam, kwenye maduka ya vitambaa karibu na Eminönü. Tulifika Jumamosi jioni, milango inateremshwa. Jumatatu asubuhi tulikuwa na ndege. Niliporudi nilimrudishia mama wa biharusi arbuni yake yote, na binti akavaa gauni la kukodi. Mama yule hakunigombeza. Alizihesabu pesa kimya kimya, akanishukuru, akaondoka. Angenigombeza ingenipungukia.

Ndiyo maana nasema hoteli si kitanda tu. Kwa mwanamke mwenye amana za watu, hoteli iliyokaa vizuri ni muda, na muda ndio ahadi yako kwa mtu.

Safari ya pili nilikaa na karatasi kabla ya kufungua simu. Niliandika kazi zangu zote. Laleli asubuhi mbili, kwa nguo za jumla. Huko hawakuuzii moja moja, wanauza kwa seti ya saizi, kwa hivyo unarudi na furushi. Fevzipaşa, barabara ya mtaa wa Fatih inayojulikana kwa magauni ya harusi, nusu siku. Eminönü na Sultanhamam kwa lesi, shanga na mapambo, siku nzima. Nikazitia alama kwenye ramani. Zilizunguka sehemu moja, kati ya kituo cha tramu cha Laleli na Msikiti wa Şehzade. Hapo ndipo nilipotafuta hoteli, na sikutazama kwengine hata kwa punguzo.

Baada ya kazi, nikatazama msikiti. Najua msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na ni rehema kubwa. Lakini ukiwa nje kutwa unahitaji mahali pa kutia udhu kwa stara na kusali bila ya kubanana kwenye chumba cha kujaribia nguo. Mji wa kale una neema hiyo. Msikiti wa Beyazıt uko jirani na Soko Kuu. Süleymaniye, uliomalizika mwaka 1557, uko juu ya kilima baada ya hapo. Şehzade, wa mwaka 1548, una uwanja wenye miti ya kupumzikia, na wote wawili ni kazi ya Sinan, fundi mkuu wa majengo wa dola ya Uthmaniya. Misikiti hii ina sehemu ya wanawake. Na jambo dogo la kukumbuka: hapa kwetu tunaelekea kaskazini tukisali, kule unaelekea kusini mashariki. Uliza kibla siku ya kwanza, usikisie.

Tazama pia msimu. Saa za kule ni sawa na zetu, hubadilishi saa, lakini jua halifuati mazoea yetu. Mwezi wa Juni Magharibi huingia kama saa 2:40 usiku, na Isha hupita saa 4. Ukitaka kuisali Isha msikitini, utarudi hoteli usiku mkubwa. Disemba mambo yanageuka, Magharibi ni kabla ya saa 12 jioni na baridi ni kali. Kwa hali zote mbili, msikiti wa dakika tano na msikiti wa dakika ishirini na tano si sawa kwa mwanamke.

La tatu ni kituo cha tramu. Ile tramu ya T1 ndiyo uti wa mgongo wa mji wa kale. Inapita Aksaray, Laleli, Beyazıt, Çemberlitaş, Sultanahmet, Gülhane, Sirkeci, Eminönü, kisha inavuka daraja kwenda Karaköy na Kabataş. Unanunua kadi ya İstanbulkart, unaijaza pesa, unapanda. Tramu haikai kwenye foleni ya magari. Hoteli iliyo ndani ya dakika tano za kituo chochote kati ya hivyo inakupa mji mzima kwa bei ndogo. Uwanja mkubwa wa ndege uko mbali, kama kilomita 40, lakini kuna mabasi ya uwanja yanayofika hadi Aksaray.

La nne ni vilima, na hili ramani haisemi. Istanbul inaitwa mji wa vilima saba. Kutoka Eminönü kupanda Mahmutpaşa mpaka Soko Kuu ni mita chache kwenye simu, lakini kwa miguu ni jasho. Safari ya pili nilikuwa na shangazi yangu, magoti yake hayamsaidii. Kabla ya kulipa niliangalia picha za mtaa, nikaziona ngazi, nikaiacha hoteli iliyokuwa nzuri kuliko zote. Majumba mengi kule ni ya zamani, hayana lifti, na chumba rahisi huwa ndicho cha juu kabisa. Uliza: lifti ipo? Gari inafika mlangoni? Mzigo naweza kuuacha chini?

La tano ni usiku na jirani zako. Taksim na mitaa yake ina shamrashamra mpaka alfajiri, na baa ni nyingi. Anayetaka utulivu si pake. Hata Aksaray na Laleli, barabara kubwa ni salama na zina watu, lakini mimi vichochoro vya nyuma usiku siviingii bila ya mdogo wangu. Soma walichoandika wanawake waliolala hapo, si wanaume tu. Uliza kama kuna baa ndani ya hoteli, na chumba chako kiko juu ya nini.

Sasa bei. Hoteli ya mbali ilikuwa rahisi kwa dola 15 kwa usiku. Kwa siku tano ni dola 75. Teksi za kwenda na kurudi zingezimaliza kabla ya siku ya tatu, na bado hujahesabu saa zilizopotea.

Tena safari ya tatu ndiyo iliyonithibitishia. Nilichukua gauni Fevzipaşa, nikafika nalo chumbani, nikalitandika kitandani nipime. Mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwengine kwa upana wa vidole viwili. Biharusi wangu alikuwa na wiki mbili tu. Tulitoka na mdogo wangu kwa miguu, chini ya nusu saa tuko dukani, fundi wao akaufungua mshono mbele yangu, na Magharibi tuliisali Msikiti wa Fatih, gauni limekunjwa pembeni yangu. Ile ya kwanza ya ukingoni ingetuchukua jioni nzima, na asubuhi yake nilikuwa na kazi ya kupeleka mafurushi ofisi ya kago.

Kwa maharusi wa fungate, hesabu yenu ni nyengine, maana nyinyi hamna mafurushi. Sultanahmet inakufaeni mkitaka kuamka karibu na Ayasofya, iliyojengwa mwaka 537 na kurudi kuwa msikiti mwaka 2020, na Msikiti wa Sultan Ahmed kuitazama. Mkienda Ayasofya kusali hamlipi. Tiketi ni ya watalii wa ghorofa ya juu. Na mkitaka utulivu zaidi, tazameni Üsküdar, ng'ambo upande wa Asia. Ni mtaa wa misikiti mingi, na boti ya kuvuka kutoka Eminönü haifiki nusu saa. Kwetu watu wa visiwani boti si jambo la kuogopa. Wazee wetu wameufika mji huu bila ramani ya simu: Sheikh Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Unguja, alikaa Istanbul katika miaka ya 1880.

Basi kabla hujalipa, chukua karatasi. Andika kazi zako za kila siku, msikiti wako, kituo chako cha tramu, siku ya Jumapili utaifanya nini, na nani katika msafara ana magoti mabovu. Kisha ndio utazame picha za vitanda na mapazia. Biharusi afanye hivyo pamoja na mume wake, maana ni mashauriano ya mwanzo ya nyumba yenu, na ni mazuri kuyaanza kabla ya safari.

Allah akuandikieni safari za kheri, mwende salama na mrudi salama, na amana za watu zifike.