Wapeni Jina, Kisha Wapeni Njia

Tacoma, jimbo la Washington

Mpwa wangu,

Nimesikia kwamba huko Ahero maji ya Nyando yametulia na mpunga unakwenda vizuri, nami namshukuru Mungu. Huku tu wazima. Mvua yetu ni manyunyu yasiyokatika, na kazi ni zile zile: Wakenya wengi wa huku wanalea wazee, wanahudumu hospitalini au wanapanga mizigo kwenye maghala ya Kent. Gor Mahia wakicheza saa tisa alasiri ya kwenu, huku msimu wa baridi ni saa kumi alfajiri, na bado kuna wanaoamka.

Umeniuliza juu ya jambo lililoigawa kamati ya klabu yetu ya soka. Timu ya vijana imeundwa, mazoezi yameanza, na sasa hamjakubaliana kama vijana hao wavae jezi na jina la timu kubwa, au watafutiwe jina lao wenyewe. Unasema wapo wanaoliona suala hili kuwa dogo. Mimi naliona kubwa. Nimeishi katika mji ambao ulihangaika nalo miaka kadhaa, na sisi wa ukanda wa ziwa tunajua jina la timu linavyoweza kubeba watu.

Nianze na huku. Seattle, iliyo kaskazini yetu kwa mwendo wa saa moja hivi, ina klabu inayoitwa Sounders, ambayo imo katika ligi kuu ya Marekani tangu 2009. Mwaka 2015 timu yao ya pili ilianza kucheza ligi ya chini kwa jina la Seattle Sounders FC 2. Mwaka 2018 wakaihamishia Tacoma, kwenye uwanja wa Cheney uliojengwa kwa ajili ya besiboli. Tacoma ni mji wa bandari wenye fahari yake, na wenyeji hawapendi kuhesabiwa kama nyongeza ya Seattle. Nani angetoka kwake jioni ya baridi kwenda kuishangilia Seattle ya pili? Mwanzoni mwa 2019 timu ikapewa jina la Tacoma Defiance, kutokana na Point Defiance, rasi yenye bustani kubwa inayopendwa na watu wa mji huu.

Jina lile lilikuwa na busara ndani yake. Lilimwambia mtu wa Tacoma kwamba vijana hawa ni wako. Lakini 2022 ilipoanzishwa ligi mpya ya timu za pili, MLS Next Pro, mechi zilihamishiwa uwanja wa Starfire, Tukwila, jirani kabisa na Seattle. Timu ikaondoka, jina la Tacoma likabaki kwenye jezi. Ukiniuliza somo la kwanza nililolipata huku, ni hili: jina la mahali halina nguvu pale ambapo watu wa mahali hapo hawaioni timu ikicheza.

Hata hivyo kuna kitu ambacho Sounders walikifanya sawasawa, kwa jina la kwanza na hata kwa jina la pili. Mlango wa timu kubwa ulikuwa wazi. Handwalla Bwana, aliyezaliwa Mombasa na kukulia kambi ya Kakuma kabla familia yake haijaletwa Marekani, alisajiliwa na Sounders mwaka 2018 akiwa zao la chuo chao cha vijana, naye alicheza timu ya pili na ya kwanza pia. Obed Vargas, mtoto wa Alaska, alipitia Tacoma Defiance, na Sounders walipotwaa ubingwa wa klabu za CONCACAF tarehe 4 Mei 2022, kwa kuwafunga Pumas wa Meksiko mabao 3-0 mbele ya watazamaji 68,741, kijana huyo wa miaka 16 alikuwemo kikosini. Mzazi anayemwona mtoto wa jirani akipanda hivyo hataulizia sana herufi zilizo kifuani.

Philadelphia walikwenda njia ya kinyume. Timu yao ya pili ilianza kucheza 2016 kwa jina la Bethlehem Steel, jina la klabu ya kale ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma iliyotamba Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Lilikuwa jina lenye historia nzito. Mwaka 2019 timu ikahamishiwa Chester, kwenye uwanja wa timu kubwa, na 2020 ikaitwa Philadelphia Union II. Brenden Aaronson na Mark McKenzie walipita humo wakati ikiitwa Bethlehem, wakang'ara katika timu kubwa, na mwanzoni mwa 2021 mmoja alikwenda Salzburg, mwingine Genk.

Uholanzi jina halijawahi kuwa tatizo. Vijana wa Ajax huitwa Jong Ajax, yaani Ajax ile ile kwa upande wa vijana, na tangu 2013 wanacheza daraja la pili la nchi dhidi ya watu wazima. Mwaka 2018 walimaliza wa kwanza, lakini hawakupanda kwa sababu kanuni hairuhusu klabu moja kuwa na timu mbili katika ligi kuu. Matthijs de Ligt na Frenkie de Jong walikuwa wameshapita humo, na mwaka uliofuata wakaifikisha Ajax nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, de Ligt akiwa nahodha mwenye umri wa miaka 19.

Hispania ndiko kulikotokea jambo ambalo kamati yenu inapaswa kulitafakari sana. Mwaka 1980 timu ya pili ya Real Madrid, iliyoitwa Castilla, iliwatoa Athletic Bilbao na Real Sociedad kwenye Kombe la Mfalme, ikafika fainali, na huko ikakutana na Real Madrid wenyewe. Baba na mwana wakacheza uwanja mmoja, Bernabéu, na mwana akafungwa 6-1. Kwa kuwa Real Madrid walikuwa pia mabingwa wa ligi, Castilla ikapelekwa Ulaya kucheza Kombe la Washindi msimu uliofuata. Ilikuwa hadithi tamu, lakini iliacha swali zito: mtazamaji ataamini vipi mechi ambayo pande zote mbili zinalipwa na mfuko mmoja? Baadaye timu za pili zikazuiwa kabisa kucheza kombe hilo.

Usifikiri hilo ni la Madrid peke yake. Unajua makombe ya wadi yanavyokwenda huko kwetu. Zawadi ni fahali, au seti ya jezi, au fedha taslimu, na klabu yenye timu mbili huziingiza zote ili kuongeza nafasi ya kushinda. Siku zikikutana kwenye nusu fainali, hata zikicheza kwa haki, soko zima la Ahero litasema matokeo yalipangwa usiku. Jina mkilishirikisha, andikeni pia kwamba timu hizi mbili hazitaingia shindano moja wala daraja moja.

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nchi yetu iliwahi kuona majina ya timu yakibadilishwa kwa amri. Mwaka 1980, wakati wa Rais Moi, vyama na timu zenye majina ya kikabila ziliamriwa kuyaacha. Abaluhya wakawa AFC Leopards, wakazibakiza herufi zao na kuzipa maelezo mapya. Luo Union, waliokuwa wametwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977, wakawa Re-Union. Gor Mahia walisalimika kwa kuwa jina lao ni la mtu, mganga mashuhuri wa Kanyamwa.

Tazama kilichofuata. Leopards hawakupoteza mashabiki kwa kupoteza jina. Watu waliokuwa wakija jana walikuja kesho, na ushindani wao na Gor Mahia, unaoitwa Mashemeji, ukaendelea kuwa mechi kubwa kuliko zote Kenya. Re-Union hatimaye walififia. Gor Mahia, walioanza 1968 na kutwaa ligi mwaka huo huo, walifika kileleni 1987 walipoleta Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis. Kilichozitofautisha klabu hizi ni uwepo wa watu nyuma ya timu: wanaolipa, wanaosafiri, wanaorithisha watoto wao jezi.

Majirani zetu nao wana somo. Muhoroni Youth walipanda ligi kuu 2012 wakiwa na neno la ujana kwenye jina lao, nao hawakuwa timu ya pili ya mtu yeyote. Walikuwa timu ya mji wao, wakawapokea wakubwa kwenye uwanja wao wenyewe. Upande wa pili, SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya 2006, walibeba jina la kiwanda cha sukari, na 2019 wakaondolewa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zao kwa ukosefu wa fedha. Jina kubwa haliwezi kulipa nauli ya basi.

Kwa hiyo, mpwa wangu, msimamo wangu ni huu. Wapeni vijana jina la klabu. Wapeni rangi zile zile na nembo ile ile. Wanaopinga wanasema vijana wakifungwa watalichafua jina, nami nawaelewa, kwa sababu jina lile tumelijenga kwa jasho. Lakini jina ambalo haliwezi kustahimili kijana wa miaka 17 kufungwa mabao manne Jumamosi moja halijajengwa bado.

Hatari ninayoiogopa ni nyingine. Timu ya vijana ikibeba jina la wakubwa, watu watadai ushindi kila wiki. Kocha akibanwa, ataanza kuwaita wachezaji walioshuka kutoka timu kubwa, kisha wale wenye umri wa kutiliwa shaka, na kabla ya msimu kwisha vijana wa kweli watakuwa wamekaa benchi katika timu iliyoundwa kwa ajili yao. Nimeona klabu zikifanya hivyo nyumbani na nimeona huku pia. Hapo jina linakuwa mzigo kwa mtoto.

Wewe ni mtoto wa mkulima wa mpunga, kwa hiyo nitalisema hivi. Kitalu hakipimwi kwa magunia. Mkulima wa Ahero hukitazama kwa idadi ya miche iliyotoka humo na kushika mizizi shambani, na kitalu na shamba vyote ni vyake, kwa jina moja. Timu ya vijana nayo ipimwe kwa waliopanda. Mwisho wa kila mwaka katibu asimame mbele ya wanachama, aseme ni vijana wangapi wamecheza mechi rasmi ya timu kubwa, na kwa dakika ngapi. Kama hesabu ni sifuri miaka miwili mfululizo, basi klabu imewakopesha watoto jina bila kuwapa kitu, na kamati ijieleze.

Kuna mambo machache zaidi ya kuwekwa kwenye katiba ya klabu. Umri uwe na kikomo, miaka 20, na uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa. Vijana wacheze mechi ya utangulizi uwanjani pale pale kabla ya wakubwa, kama ilivyokuwa desturi, ili shabiki aliyekuja mapema ajue majina yao kabla hawajawa wakubwa. Mazoezi yafanyike pamoja angalau siku moja kwa wiki. Na anayeshindwa kupanda aondoke na barua ya kumruhusu kwenda klabu nyingine bure, maana wako wengi ambao nafasi yao iko Kisumu mjini, Awasi au Katito, na tusiwafungie mlango kwa ajili ya kulinda jina.

Kama kamati itakataa haya na bado itake kuwavisha jezi za wakubwa, mimi nitakuwa upande wa wapinzani. Afadhali vijana wajiite kwa jina la soko lao, wacheze wakijua wako peke yao, kuliko kutembea na jina la familia ambayo haiwaiti mezani.

Sisi wa huku tumeshaanza kuchanga. Fedha za jezi zitakuja, na tumekubaliana ziwe za rangi moja kwa timu zote mbili, kwa kitambaa kile kile na kwa fundi yule yule, ili asiwepo kijana wa kuvaa masalio ya mwaka juzi. Ombi letu ni kwamba kabla ya fedha kutumwa, tuletewe nakala ya katiba ikiwa na vipengele vile viwili: timu hizi zisikutane katika shindano moja, na hesabu ya waliopanda isomwe kila mwaka mbele ya wanachama. Isomeni kwenye mkutano, waulizeni vijana wenyewe na wazazi wao, kisha pigeni kura.

Msalimie mama yako, na mwambie kaka yake anamkumbuka.

Mjomba wako,
Tacoma