Tamthiliya Haisomwi kwa Kukaa

Ndugu msomaji, hebu jaribu kumweleza mtu mlio wa ngoma bila kuigusa ngoma yenyewe. Utasema ina ngozi, imewambwa juu ya gogo, ina mpigaji na wachezaji. Yote kweli tupu, lakini huyo mtu ataondoka hajasikia kitu. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa tamthiliya. Dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mwalimu anasema, sisi tunaandika. Pepa ikija tunamwaga madesa kama yalivyo, biashara imekwisha.

Mimi niliishia kidato cha nne. Ndoto yangu ni kuandika riwaya, na hapa kwetu Kiwangwa ndoto ya namna hiyo haijibu swali la mtu anayekuuliza umelima mananasi kiasi gani. Hata hivyo, wapo vijana wa sekondari wanaonijia jioni niwasaidie Kiswahili. Tunakaa chini ya mwembe, hawalipi, nami sidai. Walipokuja na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nikawaambia leo daftari chini, tusimame.

Tamthiliya hiyo ilichapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mtu wa Ngarambe aliyewaunganisha watu kwa maji ya dawa dhidi ya Wajerumani. Kinjeketile wa historia alinyongwa mwaka huohuo wa 1905, vita bado vibichi. Hussein mwenyewe anatuonya katika utangulizi kwamba wake ni kiumbe cha sanaa, tusimchanganye na yule.

Kitabu kilikuwa kimoja, sisi watu kumi na mmoja. Basi kila mtu akanakili kwa mkono maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia. Kumbe ndivyo walivyofanya waigizaji wa London enzi za Shakespeare, maana kunakili mchezo mzima kwa kila mtu ilikuwa kazi na gharama. Umaskini huo una faida yake. Kwa kuwa hujui mwenzako atasema nini, inabidi umsikilize. Hakuna aliyesinzia.

Tulianza na wale wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanaozungumzia shida za nyumbani huku waume zao wakitumikishwa kwenye shamba la Bwana Kinoo. Katika notisi hayo huitwa “unyonyaji wa kikoloni”. Lakini vijana wangu wanakwenda vibarua kwenye mananasi wakati wa likizo. Mmoja alipofika kwenye habari za kazi ya shamba la mtu, sauti yake ikashuka yenyewe, sikumfundisha. Alipochukuliwa Chausiku, binti wa Kitunda, kupelekwa kwa Bwana Kinoo, wavulana walicheka. Msichana aliyekuwa Bi Kitunda hakucheka. Alinyamaza mpaka wakanyamaza nao, ndipo akasema maneno yake. Katika madesa yote niliyowahi kunakili sikukuta mahali palipoandikwa kwamba kunyamaza nako ni matumizi ya lugha.

Tukafika pale Kinjeketile anapopandwa na Hongo na kutoa ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Hapo kijana mmoja akashusha karatasi. “Kaka, samahani. Ina maana tunamtoa Mjerumani ili tumrudishe Sultani?”

Sisi ni watu wa upande wa Bagamoyo, mji ambako misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikifikia pwani, na pwani hiyo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kabla ya Mjerumani. Kwetu sisi neno hilo lina uzito. Na swali la yule kijana ndilo hasa linalomnyima Kinjeketile usingizi katika tamthiliya. Ananza kujiuliza kama neno alilowapa watu lilikuwa la Hongo au la wengine. Kijana alifika hapo kwa miguu yake.

Si kwamba wote walifurahi. Mzazi mmoja alinifuata. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, hawa wana mtihani wa taifa, wewe unawachezesha?”

Nilimjibu kwamba mtihani nao unawataka watoe hoja. Mwishoni mwa tamthiliya Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Je, ni mwongo au ni shujaa? Anajua kwamba akikiri, watoto na wajukuu wataambiwa kupigania uhuru lilikuwa kosa. Chini ya mwembe waligawanyika pande mbili, wakabishana mpaka giza likaingia. Aliyebishana hivyo hatatafuta cha kuandika.

“Matokeo yatasema,” akanijibu, akaenda zake.

Sikumlaumu. Cheti ni cheti, na mtoto ni wake. Ninayaandika haya matokeo hayajatoka, na ninayasubiri kwa hofu ileile aliyonayo yeye.

Sasa nije kwenu, wenzangu wa kalamu. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa na nchi changa mkononi. Humo Mark Antony, mbele ya maiti, anarudia na kurudia kuwa Brutus ni mtu wa heshima. Maneno ni yaleyale, lakini kila anaporudia yanageuka, hadi sifa inakuwa tusi na umati unawaka moto. Isome kimyakimya, unaweza kudhani mwandishi kaishiwa. Itamke, utaona kisu.

Mimi riwaya yangu imefika sura ya nne. Tangu tusimame chini ya ule mwembe, kila wahusika wangu wanapozungumza nawapa vijana wale wawasemee. Wakikwama mdomoni, nafuta. Nimefuta kurasa nyingi sana, jamani. Zilizobaki zinatamkika.