Bahasha Sita

Agosti 2024 mama alinipigia nikiwa kwa foleni ya matatu.

"Pesa imeingia," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeokota pochi barabarani. Sh46,152. Riba ya kwanza ya bondi niliyomshawishi anunue.

Mama alifundisha shule za msingi maisha yake yote ya kazi. Alipopata kiinua mgongo, kila mtu alikuwa na wazo. Mjomba alitaka anunue ploti. Jirani alisema ng'ombe wa maziwa. Yeye alitaka kitu kimoja tu, pesa ya kila mwezi. "Sijui kuishi bila mwisho wa mwezi," aliniambia.

Wazo la bondi nililitoa kwa binamu yangu, nesi huko Marekani. Kwenye akiba yake ya uzeeni ana mfuko unaonunua madeni ya nchi wanazoziita zinazoibukia, na unamlipa kila mwezi. Siku moja alinitumia orodha ya nchi zenyewe. Brazili, Uturuki, Misri, halafu huko chini, Kenya. "Cuzo, asanteni kwa kunilipia nyumba," akaandika. Tulicheka sana.

Lakini nikajiuliza, kama tunamlipa yeye, mbona tusimlipe mama?

Februari 2024 Benki Kuu iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Riba ikatokea asilimia 18.46, haikatwi ushuru. Serikali iliomba bilioni 70, ikachukua zaidi ya bilioni 240. Nusu milioni ya mama ilikuwa humo. Ni kweli bondi hulipa kila baada ya miezi sita, si kila mwezi, lakini nilimwambia tutagawanya kwa sita. Hesabu ilikuwa poa.

Mwezi huo huo nchi ilikopa dola bilioni 1.5 ng'ambo kwa asilimia 10.375, ili ipunguze deni la 2014 ililolichukua kwa 6.875 na ambalo lilikuwa linaiva Juni. Niliisoma hiyo habari nikapita. Mtu akikubali kukopa kwa bei kama hizo, ujue amebanwa. Sikutaka kujua ni nani atabanwa naye.

Juni ikafika na Mswada wa Fedha. Hapo mwanzo ulitaka hata mkate utozwe ushuru. Tarehe 25 nilikuwa mjini na chupa ya maji na bango. Niliandika kwamba hatutalipa madeni ambayo hatukuyala. Moshi ulitukaba koo, tukakimbia, tukarudi. Kuna wenzetu hawakufika nyumbani siku hiyo. Katika yote hayo sikukumbuka hata mara moja kwamba mama yangu ni mmoja wa wanaodai.

Sasa alikuwa kwa simu, na swali la mwalimu.

"Hii pesa serikali inatoa wapi?"

"Kwa ushuru, mama."

"Ushuru wa kina nani?"

Matatu ikafika. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Wikendi nilimkuta ameshagawanya. Bahasha sita mezani, kila moja Sh7,692, majina ya miezi yameandikwa kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Ya Septemba ilikuwa imeshafunguliwa. Alikuwa amenunua dawa ya presha, unga, na mkate.

"Kula," akaniambia. Nikala.

Bondi hatujaiuza. Dawa haziwezi kungoja nchi itulie. Lakini mwisho wa mwezi nikiona makato kwenye mshahara wangu, huwa najua kuna shilingi humo zinazozunguka hadi kwa zile bahasha, na zingine zinazovuka bahari kumlipia binamu nyumba. Bango langu bado liko nyuma ya mlango. Mama huliona kila akija, na hajawahi kuniambia nilitupe.